"Haya" Si "Nakubali"

Mnyooshi alikatika saa nne na robo asubuhi, katikati ya shauri la mbuzi.

Elinaike Msengi alikuwa mezani pake pa kila siku, chini kidogo ya kiti cha hakimu, hedifoni kichwani. Ulikuwa mwaka wake wa sita kama mhakiki wa sauti katika mahakama ya Kinyamaji. Hedifoni ile ilipokea vyombo viwili kwa wakati mmoja, bila waya. Sikio la kulia lilimletea kipaza sauti cha kizimbani: sauti ya mtu mwenyewe, na kukohoa kwake, na kumeza mate kwake. Sikio la kushoto lilimletea Mnyooshi, mashine iliyochukua maneno ya mtu huyo huyo, ikayapanga, ikayasoma upya kwa Kiswahili safi cha mahakama na kuyaandika kwenye kioo kikubwa ukutani. Kazi ya mhakiki ilikuwa kusikia sauti zote mbili. Akiridhika kwamba zinasema jambo moja, alibonyeza kidole gumba kwenye kisahani cha saini. Bila kidole hicho hakuna neno lililoingia kwenye jalada, na kwa sheria hakimu alihukumu kwa jalada tu.

Pembeni mwa hedifoni kulikuwa na kigurudumu. Ukikisukuma mbele, mtu anapanda na mashine inashuka. Ukikirudisha nyuma, mashine inapanda na mtu anashuka. Kanuni ilitaka kikae katikati. Lakini jaribu kuwasikiliza wawili kutwa nzima, kila mmoja akitaka umsikie yeye, uone kichwa kitakavyokuuma. Wahakiki wote walikirudisha nyuma kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu wa kizimbani akabaki mnong'ono tu. Hakuna aliyelisema hilo kwa mwenzake.

Asubuhi hiyo kizimbani alisimama Mzee Shila, aliyeshtakiwa kuwafungulia mbuzi wake waingie kwenye alizeti za jirani.

"Unakubali kwamba uliwafungulia kwa makusudi?" mwendesha mashtaka aliuliza.

Mzee Shila akatazama dari. "Haya, baba," akasema. "Haya, bwana."

Sikio la kushoto lilikuwa kimya. Mtandao ulikuwa umeyumba na Mnyooshi hakuwepo, kwa hiyo Elinaike alimsikia mzee peke yake, karibu, kana kwamba amekaa begani pake. Haya ile ilikuwa ya mtu anayemwachia mbishi neno la mwisho ili akapumzike.

Dakika moja baadaye Mnyooshi akarudi, akasoma kwa sauti yake tulivu: "Ndiyo. Nakubali kwamba niliwafungulia mbuzi hao kwa makusudi."

Kidole cha Elinaike kilikuwa tayari njiani. Akakirudisha.

"Mheshimiwa hakimu," akasema, "naomba mshtakiwa aulizwe tena."

Hakimu Mwantumu Njiku akamtazama juu ya miwani. Katika miaka sita hakuwahi kuombwa hivyo. Mzee akaulizwa tena.

"Nikubali nini?" Mzee Shila akang'aka. "Nimesema haya kwa sababu huyu kijana ananiuliza jambo hilo hilo mara ya tano! Kamba ilikatika. Kamba yenyewe hii hapa." Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, imekatika vipande viwili.

Watu wakacheka, hata hakimu. Shauri likaisha kabla ya chai. Elinaike hakucheka. Aliinama kama anayefunga kiatu, kwa kuwa uso wake ulikuwa umebadilika na hakutaka mtu auone.

*

Mnyooshi hakuletwa kwa nia mbaya. Kabla yake, mtu wa Kinyamaji alingoja miaka mitatu kusikilizwa, na aliposikilizwa alishindwa na wenye ulimi wa shule. Mnyooshi alimpa kila mtu ulimi huo. Mama muuza vitunguu alisimama kizimbani, akababaika, akarudi nyuma, akalia. Ukutani yakatokea maneno yaliyosimama wima kama ya wakili. Watu walimpenda. Mashauri yaliyochukua miaka yakawa yanakwisha kwa siku moja.

Ili kufanya hivyo, alifundishwa kutupa. Kigugumizi, pumzi, msonyo, guno, na maneno yanayosemwa chini chini baada ya jibu, vyote hivyo viliitwa takataka za sauti. Navyo havikufutwa mara moja. Sauti ghafi ya kila shauri ilihifadhiwa masjala kwa miaka minne, kisha ikajifuta.

Mchana ule Elinaike hakwenda kula. Alishuka masjala, akaketi mbele ya kioo, akaitisha jalada ambalo hakuhitaji kulitafuta. Alikuwa analijua kwa tarehe. Jamhuri dhidi ya Athumani Mkumbo. Tarehe ile ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la mama yake.

Siku ile, miaka minne iliyopita, mama alikuwa hospitalini na madaktari walikwisha kusema la kusema. Elinaike aliomba ruhusa. Hapakuwa na mhakiki wa kumshikia zamu, na mashauri yalikuwa kumi na mawili. Msajili wa mahakama, Mzee Kitundu, alimwonea huruma, akamvuta pembeni. "Hedifoni yako si inapokea vyombo viwili?" akamwambia. "Toa kizimba, unganisha simu yako. Kulia msikilize mama, kushoto Mnyooshi. Mnyooshi atakutosha, mwanangu. Nani atajua?"

Basi dada yake alishika simu kitandani, karibu na mdomo wa mama, na tangu saa tatu Elinaike alisikia pumzi. Inavuta, inakaa, inatoka. Sikio la kushoto likaendelea na kazi. Kidole chake kikabonyeza, kikabonyeza. Saa tano kasorobo pumzi ilivuta, ikakaa.

Shauri la Mkumbo lilikuwa la tatu. Ghala la mbegu za ukame liliungua, na mlinzi wake, Mjengi, akafia humo. Ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba, ila mshtakiwa alikiri. Alifungwa miaka tisa. Elinaike alikuwa ameweka saini kwamba amelisikia jibu lake, na hakuwahi kuisikia sauti ya mtu yule hata mara moja.

Sasa akafungua sauti ghafi, akasukuma kigurudumu mbele mpaka mwisho.

"Unakubali kwamba wewe ndiye uliyewasha moto uliounguza ghala?"

Kimya. Kiti kinalia. Mtu anapumua kwa pua.

"Haya."

Kisha sekunde kumi na nne ambazo kioo kiliziandika *takataka*. Akaziongeza sauti. Palikuwa na mkwaruzo wa kiganja kinachopangusa uso, na ndani yake, chini kabisa, maneno: "Si mmeshasema nyie. Mimi niseme nini tena."

Na chini ya ukurasa, kumbukumbu ya hedifoni yenyewe: *Chombo cha kwanza: Mnyooshi. Chombo cha pili: simu ya E. Msengi.*

Aliirudia mara nyingi. Mlango ulipofunguliwa hakugeuka, kwa maana alizijua nyayo.

"Shikamoo, Mzee Kitundu."

"Marahaba. Mbona hujala, Mama Tumsifu?" Kisha Kitundu akaliona jalada, naye akavuta kiti taratibu na kuketi. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na tisa, koti limepigwa pasi, miezi mitano kabla ya kustaafu. "Kwa nini unajitesa?"

"Sikiliza, mzee." Akampa hedifoni.

Kitundu akasikiliza. Akaivua, akaiweka mezani kwa uangalifu, kama yai.

"Neno moja," akasema. "Haya. Mtu anaweza kumaanisha lolote."

"Ndiyo hivyo. Na mimi niliapa nimesikia anamaanisha nini."

"Wewe hukumhukumu. Alihukumiwa na hakimu."

"Hakimu alihukumu kwa nilichosema nimekisikia."

Kitundu akasugua magoti. "Siku kumi na tisa zimebaki," akasema kwa sauti ndogo. "Baada ya hapo sauti hii inajifuta yenyewe, na kumbukumbu ya hedifoni nayo. Hutakuwa umefanya kitu, Naike. Utakuwa umekaa tu. Ukisema, si Mkumbo peke yake. Saini zako ni maelfu. Watazifungua zote. Watafungua na za wahakiki wenzako. Mnyooshi atazimwa, watu warudi kungoja miaka mitatu. Na wewe una kiapo cha uongo, una mtoto." Akaongeza bila kumtazama, "Na mimi nipo."

"Najua upo. Sitakutaja."

"Sikuja kuomba hivyo."

"Najua, mzee."

Kitundu alipokuwa akitoka, alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. "Huenda kweli alichoma," akasema. "Umefikiria hilo?"

Elinaike alikuwa amelifikiria. Ndilo lililomfanya akae pale mpaka masjala ilipofungwa. Kiswahili kina haya ya kumkaribisha mgeni na haya ya kumfukuza mbwa. Kina haya ya kukubali na haya ya kuchoka. Na haya yenyewe, ile ya uso kuinama. Hakuna chombo kilichoweza kumwambia ya Mkumbo ilikuwa ipi. Ilibidi amuulize mwenyewe.

*

Gereza la kilimo lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari lisilo na dereva, lililopita mashamba ya mtama na minara inayovuna umande. Jumamosi ni siku ya wageni. Wafungwa walikaa kwenye mabenchi ya saruji, kila mmoja na bangili ya kijani mkononi, na juu ya paa la turubai mashine ndogo iliruka ikizunguka polepole.

Athumani Mkumbo alikuwa mtu mnene aliyepungua. Ngozi ya shingo ilikuwa imebaki bila kazi. Alimtazama Elinaike kwa adabu, kama mtu anayejaribu kukumbuka ukoo.

"Karibu, dada. Wewe ni wa wapi vile?"

"Wa mahakamani, kaka. Siku ya kesi yako nilikaa ile meza ya chini. Mhakiki."

"Aa." Akakunja mikono. "Yule mwenye vitu vya masikioni. Nilikuwa nakuangalia sana wewe."

"Kwa nini?"

"Nilijua wewe unanisikia. Nikasema, huyu dada atainuka sasa hivi."

Elinaike alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Akashika ukingo wa benchi. Halafu akamweleza, bila kuzunguka: simu, hospitali, sikio la kulia. Mkumbo hakumkatiza. Alipomaliza, Mkumbo akaizungusha bangili yake mkononi.

"Kwa hiyo hukunisikia."

"Sikukusikia. Nimekusikia juzi."

"Nilisemaje?"

"Ulisema haya. Halafu ukasema, si mmeshasema nyie, mimi niseme nini tena."

Uso wa Mkumbo ukatetemeka mara moja, kama ngozi ya ng'ombe inapoguswa na nzi. "Nilisema," akaitika. "Mke wangu nilimwambia nilisema. Ukutani hakuyaona. Mwisho nikadhani niliota."

"Kaka Athumani, haya ile ilikuwa na maana gani?"

"Nilichoka." Akavuta pumzi. "Asubuhi ile nilichoma mabua ya alizeti shambani kwangu. Kila mtu huchoma. Nikazima kwa mchanga. Saa tisa mchana ghala likawaka. Je, cheche iliruka? Sijui. Palikuwa na upepo, halafu hapakuwa na upepo. Nilitaka kusema hivyo tu: sijui. Nilipotamka, 'sijui, labda upepo,' ukutani yakatokea, 'Inawezekana upepo ulipeleka moto wangu.' Nikakataa, si hivyo! Yakatokea, 'Nasisitiza kwamba inawezekana.' Kila nikisahihisha, masahihisho nayo yananyooshwa. Unajua ilivyo, dada, kuona maneno ya mtu mwingine yanaandikwa kwa jina lako mbele ya watu wa kwenu? Mwisho nikaona heri niache."

"Na wakikuuliza leo?"

"Nitasema sijui. Mjengi nilimfahamu, tumecheza wote bao. Usiku namuuliza hata yeye. Sijui."

Kengele ya wageni ikalia. Elinaike akasimama, akitafuta neno. Samahani lilikuwa jepesi mno, akaogopa kulitoa.

"Nitakwenda kusema," akamwambia.

Mkumbo akamtazama kwa namna ya mtu ambaye amewahi kumtegemea mtu akaangushwa. "Sawa," akasema, akarudi kwenye mstari.

*

Hati yake ya kiapo ilikuwa kurasa mbili, ameiandika kwa mkono. Hakimu Njiku aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Aliuliza jambo moja tu: "Nani alikuruhusu kuunganisha simu?" Elinaike akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo amri ikatolewa kwamba sauti ghafi zote zisijifute. Siku hiyo hiyo pia akavuliwa uhakiki, na barua ikamweleza kwamba atajibu mashtaka ya kuapa uongo.

Marejeo yalisikilizwa mwezi uliofuata na jaji aliyetoka mkoani. Chumba kilijaa. Mke wa Mkumbo alikaa mbele, amejifunga kitenge kipya ambacho bado kinanukia duka. Upande wa pili alikaa mjane wa Mjengi, mikono mapajani, hamtazami mtu.

Elinaike aliomba Mnyooshi azimwe. Jaji akakubali, na kioo cha ukutani kikawa cheusi. Akaanza kueleza, naye akababaika, akarudi nyuma, akasahau tarehe aliyoijua kuliko tarehe zote. Alipofika kwenye pumzi ya mama yake alisimama, na hapakuwa na kitu cha kumnyooshea. Watu walingoja. Akaendelea.

"Kwa hiyo," jaji akauliza mwishoni, "uamuzi huo wa simu ulikuwa wako peke yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Si kweli."

Sauti ilitoka nyuma. Mzee Kitundu alikuwa amesimama katikati ya umati, koti limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, mimi ndimi msajili. Huyu binti aliomba ruhusa akamuuguze mama yake, nikamnyima. Nikamwambia aunganishe simu, nikamwambia nani atajua. Maneno hayo ni yangu." "Ananificha. Sikumtuma anifiche."

Elinaike aligeuka, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya masjala machozi yakamtoka.

Kisha Mkumbo akaulizwa, naye akasema. Ilimchukua karibu nusu saa. Alirudia, alipotea, alieleza mchanga aliotumia kuzima moto ulitoka korongo gani. Mara nne alisema hajui. Mwendesha mashtaka akainuka, akakiri kwamba jibu lile likiondolewa, mkononi habaki na kitu. Jaji akatengua hukumu.

Mke wa Mkumbo akapiga kigelegele, kikageuka kilio. Mjane wa Mjengi aliinuka kabla jaji hajamaliza, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kwa miaka minne alijua nani aliyemuua mumewe. Sasa alikuwa anarudi nyumbani bila kujua. Elinaike alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipojifunga.

Nje jua lilikuwa kali. Kitundu alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia bado mkononi. Elinaike akaketi karibu naye.

"Kwa nini, mzee? Ilibaki miezi minne."

"Ningestaafu nikakae wapi?" akajibu. "Nyumbani kwangu kuna ukimya mwingi. Ningekuwa najisikia."

Walikuwa bado wameketi pale Mkumbo alipotoka na watu wake. Bangili ilikuwa imeondolewa, na mahali pake ngozi ilibaki nyeupe. Aliwapita, akasimama, akarudi. Elinaike akainuka. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kofi.

"Yule mama yako," Mkumbo akasema. "Wa kwenye simu. Alipona?"

Elinaike akatikisa kichwa. "Alifariki asubuhi ile ile, kaka. Kesi yako ilikuwa ndiyo inaisha."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nzitwa."

"Pole kwa msiba, dada."

"Asante. Nimeshapoa."

Mkumbo akatazama chini, akasogeza kokoto kwa kiatu cha kuazima. "Wa kwangu alifariki mwaka wa pili niko ndani," akasema. "Waliniletea habari Jumamosi, siku ya wageni. Alikuwa ameshazikwa Jumanne."

Mkewe alimshika kiwiko, lakini hakumvuta.

Elinaike akavua viatu, kama tufanyavyo tunapoingia matangani, akasimama juu ya zege la moto mbele ya yule mtu aliyemfungisha, akamwinamia.

"Pole, kaka Athumani," akasema. "Pole sana kwa kufiwa na mama. Naomba uniambie jina lake."

Mkumbo akamwambia.